Mkate Unavyotengenezwa Kiwandani, na Kosa Lililotufunza Mtambile

Haya ni mazungumzo ya Afisa Mawasiliano wa Baraza mbele ya wenye bekari, wenye maduka, walimu na wazazi wa Mtambile na shehia jirani. Yanachapishwa hapa kwa ombi la waliohudhuria.





Nimepewa nafasi ya kuzungumza juu ya kitu ambacho wengi wetu tumekishika mkononi asubuhi ya leo. Mtoto anayekwenda skuli hupewa mkate na chai. Mchumaji wa karafuu huondoka alfajiri na mkate wake ndani ya mfuko. Msafiri anayeshuka hapa njia panda, akisubiri gari ya Kengeja au ya Kangani, huingia dukani akaomba boflo na soda. Ni chakula cha kila siku, na pengine kwa sababu hiyo ni wachache kati yetu waliowahi kujiuliza kinatengenezwaje.

Sitaanza na mashine. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililonilazimisha nijifunze habari za mkate.

Mwaka juzi, wakati wa mvua za masika, palikuwa na khitma katika mojawapo ya shehia zetu. Mikate ilinunuliwa jioni, ikawekwa, ikaliwa siku ya pili mchana. Waliokata mikate ya mwisho waliona jambo la ajabu: ndani palikuwa panateleza, na vipande vilipoachanishwa vilivuta nyuzi kama utando wa buibui. Harufu yake ilikuwa ya nanasi lililoiva kupita kiasi. Watu wachache walilalamika matumbo. Habari zilifika ofisini kwetu kabla ya adhuhuri ya siku iliyofuata.

Mimi ndiye niliyeandika tangazo. Sikumngoja afisa afya. Nilisikia neno "unga mbovu" kutoka kwa mtu mmoja, nikaliandika, na gari yenye vipaza sauti ikalipitisha vijijini: wananchi wajiepushe na mikate iliyotengenezwa kwa unga uliopitwa na muda wake. Sikutaja jina la bekari, lakini haikuwapo haja ya kulitaja. Bekari iliyokuwa ikipeleka mikate upande ule ilikuwa moja tu, ya vijana wanne walioianzisha kwa fedha zao. Katika muda wa wiki moja maduka yote yaliacha kuagiza, na tanuri likazimwa.

Ripoti ya afisa afya ilipokuja ilisema mambo mawili. La kwanza, unga ulikuwa mzima na tarehe yake ilikuwa bado. La pili, mikate ilitiwa mifukoni ikiwa ingali moto, na meza ya mbao iliyotumika kukatia madonge ilikuwa na nyufa zenye mabaki ya unga wa zamani. Lilikuwapo kosa katika bekari, lakini silo nililolitangaza. Vijana wale walihukumiwa kwa hatia ya kuuzia watu kitu kilichooza kwa makusudi, ilhali kosa lao lilikuwa la kutojua, la aina inayorekebishwa kwa siku moja. Niliandika tangazo la kusahihisha. Wenye kunisikiliza mnajua vizuri: tangazo la kusahihisha halitembei kwa miguu ya tangazo la kushtua.

Wawili kati ya vijana hao waliondoka kwenda Unguja kutafuta kazi. Wawili wamewasha tena tanuri, kwa uzalishaji mdogo kuliko wa kwanza, na wameniruhusu nilisimulie jambo hili mbele yenu. Nimewaomba radhi faragha. Leo nawaomba radhi hadharani.

Baada ya hayo niliona kwamba mtu anayepewa kipaza sauti cha umma hana budi kujua kile anachokisemea. Basi natuufuate mkate hatua kwa hatua, kama unavyotengenezwa katika kiwanda kikubwa, na kila hatua tuitazame pamoja na bekari zetu za hapa.

UNGA

Ngano haioti Pemba. Ardhi yetu na mvua zetu zimetupa mpunga, muhogo, ndizi na karafuu. Ngano hupenda nyanda zenye baridi. Huko Tanzania Bara hulimwa katika sehemu za juu, kama vile Hanang mkoani Manyara, lakini mavuno hayakidhi mahitaji, na sehemu kubwa ya ngano inayosagwa nchini huletwa kwa meli kutoka nje. Ndiyo sababu vita vilipozuka Ukraine mwezi wa Februari 2022, mbali kabisa na sisi, gunia la unga lilipanda bei mpaka katika maduka yetu. Ukraine na Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa ngano duniani. Mwenye bekari wa Mtambile hana uwezo juu ya bei hiyo, na ni vyema mnunuzi alielewe hilo kabla ya kumlaumu.

Unga wa mkate si sawa na unga wa keki. Unga unaofaa mkate una protini nyingi zaidi, kiasi cha asilimia 11 hadi 13. Protini hizo zikikutana na maji na kukandwa hufungamana zikawa wavu unaovutika, unaoitwa gluteni. Wavu huo ndio unaozuia hewa isitoke. Unga wa mtama au wa muhogo hauna wavu huo, na kwa hiyo mkate wa mofa hauumuki kama boflo hata ukiutia hamira nyingi namna gani.

Kiwandani unga hauingii katika mashine moja kwa moja kutoka ghalani. Kwanza huchekechwa, ili kuondoa vidudu, nyuzi za gunia na mabonge, kisha hupitishwa penye sumaku ili kunasa vipande vya chuma. Maghala yana utaratibu wake: magunia hukaa juu ya vichaga, mbali na ukuta na sakafu, na gunia lililoingia mwanzo hutoka mwanzo. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji mashine ya gharama. Chekeche ni chekeche, na vichaga vinaweza kugongwa na fundi seremala wetu.

MIZANI

Hatua ya pili ni kupima. Katika kiwanda hakuna "kiasi" wala "kwa kukadiria". Kila kitu huhesabiwa kwa uzito wa unga. Kwa gunia la kilo 50, mfano wa mchanganyiko wa kawaida ni maji kilo 29, chumvi kilo moja au pungufu kidogo, hamira kavu nusu kilo, sukari kilo mbili na mafuta kilo moja. Jumla yake ni donge la kilo 83 na nusu hivi. Likigawiwa kwa vipande vya gramu 570, hutoa kiasi cha mikate 145. Tanurini kila mkate hupoteza maji, kwa hivyo kipande cha gramu 570 hutoka kikiwa karibu na nusu kilo.

Nimeitaja hesabu hii kwa sababu mbili. Mwenye bekari anayepima hujua kila siku kama amepata faida au hasara, na anayekadiria hugundua hasara mwisho wa mwezi. Tena, mkate ulioandikwa nusu kilo unapaswa kuwa nusu kilo. Unga ukipanda bei, muuzaji ana njia mbili za haki: apandishe bei, au apunguze mkate na aandike uzito mpya. Kupunguza kimya kimya si njia ya haki. Sisi ni watu tunaosoma Suratul Mutaffifin tangu chuoni, na hatuhitaji afisa wa Baraza kuja kutueleza hukumu ya anayepunja kipimo.

Juu ya chumvi nitasema neno moja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kutoka katika vyakula vyote. Mkate ni mojawapo ya milango ambayo chumvi huingilia bila mtu kuhisi. Kilo moja kwa gunia ni kikomo, si mwanzo.

KUKANDA

Mikono ya mama zetu hukanda donge kwa dakika ishirini au zaidi, kisha huliacha liumuke kwa saa kadhaa. Viwanda vingi vya dunia vilifanya hivyo hivyo, kwa mashine zinazozunguka polepole, mpaka mwaka 1961. Mwaka huo watafiti wa mikate huko Chorleywood, Uingereza, walitoa njia ya kukanda kwa nguvu nyingi katika dakika chache, kiasi cha tatu mpaka tano, wakiongeza vitamini C kidogo ili kuimarisha gluteni. Kwa njia hiyo donge halihitaji tena kulala kwa saa nyingi, na mkate hukamilika kwa muda wa chini ya saa nne tangu unga kulowa hadi mkate kupoa. Njia hiyo imeenea katika nchi nyingi.

Faida yake ni haraka na wingi. Hasara yake, wasema walaji wengi, ni ladha, kwa kuwa ladha ya mkate huzaliwa wakati hamira inapofanya kazi taratibu. Bekari ndogo haipaswi kuona haya kwa kutumia saa nyingi kuliko kiwanda. Saa zile ndizo zinazoupa mkate wetu harufu inayomvuta mtu kutoka barabarani.

Hamira yenyewe ni kiumbe hai, kidogo kisichoonekana kwa macho. Kwa karne nyingi watu waliitumia bila kujua hivyo. Katika miaka ya 1850 na iliyofuata, Louis Pasteur wa Ufaransa alithibitisha kwamba kuumuka ni kazi ya vijidudu vilivyo hai. Hula sukari iliyomo katika unga na kutoa hewa ya kaboni dioksidi. Hewa hiyo hunaswa na wavu wa gluteni, na donge likanyanyuka. Maji ya moto sana huiua hamira, na joto likizidi nyuzi 55 hivi kazi yake imekwisha. Anayemimina maji yanayounguza kidole juu ya hamira ameiua kabla haijaanza kazi.

KUGAWA NA KUUMUA

Donge lililokandwa hukatwa na mashine kwa vipande vya uzito mmoja, vikaviringwa, vikapumzishwa kwa dakika chache, kisha vikakunjwa kwa umbo na kuwekwa katika makopo yaliyopakwa mafuta. Kutoka hapo huingia katika chumba cha kuumulia. Humo joto huwekwa baina ya nyuzi 35 na 38, na unyevu kiasi cha asilimia 80 hadi 85, ili juu ya donge pasikauke. Hukaa humo kwa muda wa saa moja hivi.

Hapa Pemba tumepewa bure kile ambacho viwanda vya nchi za baridi hukinunua kwa umeme. Hali yetu ya hewa iko karibu na ya chumba hicho kwa sehemu kubwa ya mwaka. Lakini neema hiyo ina upande wake wa pili. Donge letu huumuka upesi mno, hupanda kabla ya kupata nguvu, kisha huanguka tanurini. Dawa yake ni maji ya baridi wakati wa kukanda, hata kwa kutia barafu siku za joto la kaskazi, ili donge litoke mashineni likiwa na nyuzi 27 hivi.

TANURI

Mikate huokwa kwa moto wa nyuzi 200 hadi 230. Kwa mkate wa nusu kilo, dakika 25 hadi 30 hutosha. Katika viwanda vikubwa tanuri ni mfano wa njia ndefu ya chini kwa chini: mkate huingia mlango mmoja juu ya ukanda unaotembea, na hutoka mlango wa pili ukiwa umeiva.

Mambo mengi hutokea ndani ya dakika hizo. Mwanzoni hewa hutanuka na mkate hupanda kwa mara ya mwisho. Kisha hamira hufa. Wanga hulainika na gluteni hukauka, ndipo umbo linaposimama. Mwisho, ganda la juu likipita nyuzi 140, sukari na protini huungana na kutoa rangi ya kahawia na harufu tunayoijua. Mkemia Mfaransa aitwaye Louis Camille Maillard ndiye aliyelieleza jambo hilo mwaka 1912, na hata leo huitwa kwa jina lake.

Naomba mzingatie jambo moja. Ganda hupata moto mkali, lakini moyo wa mkate haufiki nyuzi 100. Maji yaliyomo humo huuzuia. Mkate ulioiva vizuri una nyuzi 95 hadi 98 katikati. Nitalirudia hili punde, kwa kuwa humo ndimo ilimo siri ya mikate ya khitma.

Ama kuhusu nishati, tangu mwaka 2010 Pemba imeunganishwa na umeme wa gridi kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo tulitegemea majenereta ya dizeli. Hata hivyo matanuri mengi ya kisiwani bado hutumia kuni, kwa sababu ya gharama. Simlaumu anayefanya hivyo, ila tujue kwamba mikandaa ya pwani yetu si kuni. Mikandaa ikikatwa, bahari huingia mashambani na samaki hupoteza mahali pa kuzalia. Na atumiaye kuni asiache kujenga bomba la moshi, maana mchomaji anayevuta moshi miaka kumi hulipa kwa mapafu yake.

KUPOZA, KUKATA, KUFUNGA

Sasa tumefika mahali ambapo kiwanda kikubwa huonekana kana kwamba hakifanyi kitu. Mikate imetolewa, inanukia, wateja wanangoja, na kiwanda kinaiacha itembee hewani juu ya rafu za waya kwa saa moja na nusu au mbili, mpaka ndani yake ifike nyuzi 35 hivi. Ndipo inapokatwa slesi na kufungwa.

Mashine ya kukata slesi na kufunga ni ya juzi tu katika historia ndefu ya mkate. Ilibuniwa na Mmarekani Otto Rohwedder, na mkate wa kwanza uliokatwa kwa mashine yake uliuzwa katika mji wa Chillicothe, Missouri, mwezi wa Julai 1928. Tangu hapo watu walizoea mkate ulio tayari. Lakini mkate uliokatwa una nyuso nyingi zilizo wazi kwa vijidudu, kwa hivyo usafi wa visu, mikono na mifuko ukawa jambo zito kuliko zamani.

Saa hizo mbili za kupoza ndizo vijana wetu walizozikata. Mteja alikuwa mlangoni na gari ya kubeba mikate ilikuwa inanguruma, nao walitia mkate wa moto ndani ya mfuko wa nailoni na kufunga. Mvuke ulitoka katika mkate, haukupata pa kwendea, ukageuka matone. Haraka haraka haina baraka, na katika kazi ya mikate methali hiyo inapimika kwa kipimajoto.

MKATE WENYE NYUZI

Katika udongo mna vijidudu vya bakteria viitwavyo Bacillus. Hupanda juu ya ngano kutoka shambani, huingia katika unga, na hukaa katika vumbi la bekari. Vikikosa chakula hujifunga ndani ya ganda gumu, mithili ya mbegu, linaloitwa spora. Spora hustahimili joto ambalo huua vijidudu vingine. Kumbukeni nilivyosema: moyo wa mkate haufiki nyuzi 100. Spora chache hubaki hai humo.

Mkate ukipoa vizuri na kukaa mahali pakavu, spora hizo hulala tu, na mkate huliwa kabla hazijaamka. Lakini mkate ukifungwa na moto wake, katika hali ya hewa ya masika, spora huamka. Katika siku moja au mbili huanza kula wanga na protini za mkate, na kuacha utelezi unaovuta nyuzi na harufu ya tunda lililooza. Unga waweza kuwa mpya kabisa, na jambo hili likatokea. Mkate wa namna hiyo usiliwe, usipewe mtoto, na wala usikaushwe ukauzwa tena kwa jina la tosti.

Kinga yake ni rahisi. Kwanza, poza mkate mpaka ndani upoe. Pili, safisha meza, makopo na pembe za chumba, na ziba nyufa za mbao au weka meza yenye uso wa chuma kisichoshika kutu. Tatu, usirudishe mabaki ya mkate wa jana katika donge la leo. Nne, wakati wa joto na mvua, tia siki kidogo katika donge. Uchachu mdogo huzizuia spora zisiamke, na waokaji wa zamani walilijua hilo kabla ya maabara. Viwanda hutumia chumvi ya propioneti kwa kazi hiyo hiyo, kwa kiasi kinachoruhusiwa na kuandikwa katika lebo. Mahali palipokwisha kuingia ugonjwa huu hapana budi kusafishwa pote, vyombo na kuta, kabla ya kuoka tena.

Haya ndiyo niliyopaswa kuyasema katika kipaza sauti siku ile. Yangewalinda walaji, na yangewapa vijana njia ya kujirekebisha.

UNGA MWEUPE USIOKUWA NA JINA

Kuna jambo jingine ambalo halina harufu wala nyuzi. Wapo wanaouza unga mweupe wa kuongezea mkate uumuke kwa wingi, katika vifuko visivyokuwa na lebo. Katika nchi mbalimbali dawa iliyotumika sana kwa kazi hiyo ni potasiamu bromati. Uingereza iliipiga marufuku katika mkate mwaka 1990. Mwaka 1992 kamati ya wataalamu wa viongezwa vya chakula ya FAO na Shirika la Afya Duniani ilisema haifai kutiwa katika unga, na wakala wa shirika hilo wa utafiti wa saratani uliiweka katika orodha ya vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu.

Sisemi kwamba inatumika Mtambile. Nimekwisha kujifunza adhabu ya kusema nisichokithibitisha. Ninachosema ni kwamba kiongezwa kisichokuwa na jina, orodha ya viambato na tarehe kisiingie katika bekari yoyote. Vitamini C hufanya kazi hiyo hiyo ya kuimarisha donge, na haina madhara hayo.

TUNACHOOMBANA

Kwa wenye bekari: milango iliyo wazi kwenu ni mingi. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, ulioanzishwa kwa Sheria Namba 2 ya 2006, husimamia usalama wa chakula. Taasisi ya Viwango Zanzibar, iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 1 ya 2011, hushughulika na viwango na alama ya ubora. Baraza lina leseni za biashara, ukusanyaji wa taka na jivu, na maafisa afya. Mwiteni afisa afya kabla hajaitwa na malalamiko. Pimeni afya za wafanyakazi, hifadhini maji safi, na andikeni katika mfuko jina, viambato, uzito na tarehe. Lebo ni ushahidi wenu siku mtakaposingiziwa.

Kwa wenye maduka: msimlazimishe mwokaji alete mkate wa moto ili wateja wauone mvuke ndani ya mfuko. Mvuke ule ni dalili ya kuharibika. Wekeni mikate mbali na jua na mafuta ya taa.

Kwa wazazi na walimu: ukiona mkate wenye nyuzi, ukungu au harufu isiyo yake, usiutupe wote. Funga kipande pamoja na mfuko wake, umpelekee sheha au afisa afya, na useme ulinunua wapi na lini. Kipande kimoja cha ushahidi ni bora kuliko uvumi wa kijiji kizima.

Kwa upande wa ofisi yangu, tumeweka utaratibu mpya. Likitokea jambo la chakula, tangazo la mwanzo litasema tu kile kilichoonekana na kile watu wanachopaswa kukiepuka. Sababu haitatajwa mpaka afisa afya aithibitishe kwa maandishi. Na ikiwa tumekosea, marekebisho yatapita kwa gari ile ile, katika vijiji vile vile, kwa idadi ya siku zile zile. Nimeomba utaratibu huu uandikwe, ili usitegemee kumbukumbu yangu wala huruma ya atakayenifuata.

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Vijana wale wawili wameziba nyufa za meza yao na wameweka rafu ya waya ya kupozea. Wametengeneza kijitabu ambamo kila siku huandika saa mikate ilipotoka tanurini na saa ilipofungwa. Nilikiomba nikisome. Katika kurasa zote nilizofungua, baina ya saa mbili hizo hapana siku iliyopungua dakika tisini.

Maduka matatu ya hapa njia panda yameanza kuchukua mikate yao tena. Ninawaomba wenye maduka mengine waende wakakitazame kijitabu hicho, kisha waamue wenyewe.